Basimenti Utange: mawe ya matumbawe, konkriti ya kumwaga ama hii foam ya Marekani?

MkeWaBaharia

Assalam aleikum jamani, hamjambo. Nna swali na naomba mnijibu polepole manake hii nyumba ishanitia mvi na hata msingi bado haujachimbwa. Tuna ploti yetu Utange, Mombasa, 50 kwa 100, upande ule unaoteremka kuelekea kriki ya Mtwapa. Mume wangu yuko melini mpaka mwezi wa nane, kila kitu nasimamia mimi, sasa huko meli ilikotia nanga kaenda kwa rafiki yake akaona nyumba ina basimenti, yaani vyumba chini ya ardhi, akanipigia saa nane za usiku eti na sisi tuitie. Anataka tangi la maji likae huko chini, stoo, jenereta, na chumba kimoja cha kujinyoosha mchana, manake akirudi nchi kavu kazi yake ni kulalamika joto tu.

Basi nimetafuta watu watatu na kila mmoja ana lake. Fundi aliyenijengea ukuta wa ploti asema kuta za basimenti zijengwe kwa mawe ya matumbawe, mistari miwili, katikati amwage konkriti, kila futi kumi pila ya vyuma, halafu plasta yenye dawa. Ndo bei rahisi kuliko zote. Wa pili ni kontrakta, asema hapana, ukuta mzima uwe wa konkriti ya kumwaga na vyuma, inchi 10, slabu ya chini pia hivohivo, na nilipoiona ile karatasi yake ya bei nilienda kunywa maji kwanza. Wa tatu ni shemeji yangu yuko Marekani, yeye asema hao wote wamelala, siku hizi watu wanapanga mabloku ya foam yalo wazi katikati kama mtoto anavyopanga vibiriti, unatia vyuma, unamwaga konkriti ndani, foam haitolewi, ishakuwa ukuta.

Wote watatu wasema shimo ni futi 10. Wote watatu wasema yao haivuji. Jirani wa upande wa barabarani ana kisima, chini yetu hakuna aliejenga bado. Nichague ipi? Na tafadhali nisiambiwe "muulize mumeo", mume mwenyewe ndo alienitupia swali hili.

Kijana_wa_Kongowea

Shangazi mwambie akitaka ubaridi alale barazani apigwe na kusi kama sisi wengine hahaha

Mzee_Chokaa

Waaleikum salaam mwanangu. Mimi ni fundi wa mawe tangu nikiwa kijana wa kubeba karai, sasa macho hayaoni vizuri lakini mambo nayakumbuka. Ntakwambia yalonipata mimi, sio ya kuskia.

Mwaka 1994 nilichimba stoo chini ya nyumba ya tajiri mmoja wa nafaka, hukuhuku kisiwani, si mbali na maji. Tulichimba mwezi wa pili, kaskazi imekazana, shimo kavu kabisa mpaka vumbi linatuingia puani. Jiwe la hapa likisimama limesimama, nenda Fort Jesus ukaangalie lile handaki, Wareno walianza kulichonga 1593 na mpaka leo jiwe lenyewe ndo ukuta. Kwa hivo nikasema hapa hakuna kazi. Nikajenga kwa mawe ya matumbawe, nikapiga plasta mara tatu, ya mwisho nikaisugua kwa simiti tupu mpaka ikawa inang'ara kama sahani. Tajiri akafurahi, akanipa bakshishi juu.

Mwezi wa tano akaniita. Hakunigombeza. Alinishukia na tochi tukaingia ndani akanionyesha gunia la kunde, zimeota, majani mabichi yametokeza kwenye matundu ya gunia. Maji yalikuwa yafika kwenye kifundo cha mguu. Nikayaonja, yana chumvi. Tukayatoa kwa ndoo mpaka magharibi, nikaenda zangu, asubuhi yamerudi. Siku ya tatu ndo akili ikanijia, yale maji yanakuja na kuondoka na bahari! Bahari ikijaa nayo yapanda, ikipwa nayo yashuka. Na wiki ya maji mafu, bahari isipojaa sana, hayaji kabisa, stoo kavu, unaweza kumdanganya mtu umeshaziba. Bamvua, ile bahari ya kujaa sana, ikirudi nayo hayo.

Jiwe la tumbawe ni kama sponji mwanangu, lina vitundu na mapango ndani, mengine mkono waingia. Maji hayapiti kwenye plasta yako tu, yapita ndani ya jiwe lenyewe, yazunguka nyuma, yatafuta pahali pembamba. Plasta ya ndani yasukumwa kutoka nyuma, siku moja yabambuka kama ngozi ya nyoka.

Kwa hivo mimi sikwambii mawe au konkriti. Nakwambia chimba shimo la kupimia, upande wa chini kabisa wa ploti, na usipime siku moja ukaondoka. Pima siku za bamvua, tarehe 15 na 16 za mwezi wa Kiislamu na zile za mwezi mwandamo, saa kumi jioni bahari ikishajaa, na urudi baada ya saa moja na mbili manake maji ya ndani ya jiwe yachelewa kidogo. Kisha pima maji mafu. Kabla hujajua hivo hao wote watatu wanakuuzia mbuzi kwenye gunia.

Saida_wa_Tudor

Yakhe basimenti msinikumbushe. Nilikuwa napanga kwenye nyumba ya ghorofa, jina silitaji, parking iko chini ya ardhi. Tunaambiwa kuna pampu mbili za kutoa maji kwa hivo msiwe na wasiwasi. Novemba 2023 ile mvua ya El Niño imeanza usiku, na nyinyi mnajua mvua ya Mombasa ikianza na stima huondoka, sasa pampu ni za stima, jenereta nayo wameiweka wapi? hukohuko chini karibu na pampu. Tumeamka asubuhi gari ya jirani yangu yaelea, imegeuka imeangalia ukuta. Mwenye nyumba mpaka leo asema ni kazi ya Mungu. Mungu ndo alieweka jenereta chini?

Na hata siku kavu kule chini kulikuwa na harufu, ukuta unalia jasho, nguo ukiacha kwenye gari siku mbili zanuka kuvu. Dada fikiria sana kabla hujamweka mtu alale huko.

Abuu_Ohio

Salaam kutoka Columbus, Marekani. Mimi mzaliwa wa Majengo, huku nimefanya kazi za ujenzi miaka kumi na kitu, na hizo foam anazosema shemeji yako nimezipanga kwa mikono yangu kwa hivo niulize mimi.

Kwanza muelewe kwa nini huku nyumba nyingi zina basimenti. Si ubishi. Huku ardhi yaganda wakati wa baridi, maji yaliyo kwenye udongo yakigeuka barafu yavimba yanyanyua msingi, kwa hivo lazima ushuke chini ya pale barafu inapofika, hapa Columbus ni karibu futi tatu na kwengine zaidi. Sasa kama ushachimba futi tatu nne zunguka nyumba nzima, ukiongeza kidogo ushapata chumba. Ndo sababu. Mombasa hakuna kinachoganda ila samaki wa kwenye friza, msingi wako wa kawaida waweza kukaa juu ya jiwe futi mbili tatu tu, kwa hivo kila futi utakayoongeza hapo waongeza kwa pesa yako mwenyewe na kwa breka, manake tumbawe likiwa gumu jembe na sururu haziliwezi.

Njia ziko kama nne. Nyumba za zamani huku ni za bloku za simiti, na hizo ndo zinazovuja na kupinda, ukuta waingia ndani kama tumbo, nyufa zaenda kwa ngazi kufuata viungo vya bloku. Nimezibomoa nyingi. Mawe ya matumbawe ni hayohayo, viungo vingi, na kila kiungo ni mlango wa maji. Nyumba nyingi mpya ni konkriti ya kumwaga na vyuma ndani. Kuna zengine kuta zaja zimeshamwagwa kiwandani, zaletwa na lori zashushwa na kreni kwa siku moja, lakini hiyo yataka kiwanda karibu na kreni iweze kuingia mtaani, na kusimamisha ukuta si shida, shida ni vile viungo baina ya ukuta na ukuta. Halafu hiyo foam.

Foam ni nzuri huku kwa sababu yazuia baridi isiingie, unaokoa pesa ya kupasha nyumba moto. Dada wewe unapasha nini moto Utange? Kizuizi cha baridi unakilipia cha nini. Na jambo la pili ambalo shemeji pengine hajui manake yuko upande wa baridi, majimbo ya kusini huku yenye mchwa wengi sheria za ujenzi zinabana kuweka foam chini ya ardhi, kwa sababu mchwa haili foam lakini aitoboa njia, apita humo ndani hakuna anaemuona mpaka afike kwenye mbao za paa. Mchwa wa Utange siwapigii debe nyinyi mnawajua.

Shemeji usinichukie, lakini hiyo si ya huko.

Kijana_wa_Kongowea

mchwa wa kwetu atakula hata kotesheni

Injinia_wa_Miritini

Dada, hongera kwa kuuliza kabla ya kuchimba, wengi wanauliza wakiwa wameshika ndoo. Mimi ni injinia wa majengo, ntajibu kwa urefu kidogo.

Swali langu la kwanza kwa hao watatu ni hili, futi 10 kutoka wapi? Umesema ploti inateremka. Kama barabarani ni juu na nyuma ni chini, kuna tofauti ya futi ngapi? Manake futi 10 ukipima kutoka barabarani ni kitu kimoja na futi 10 ukipima kutoka nyuma ni kitu kengine kabisa, na mtu aliekupa bei bila kukuuliza hilo hajafika na tepu, amefika na kalkuleta.

Pili, maji. Mzee Chokaa kasema kweli tupu. Ngoja niiweke kwa uzito muone. Maji ya kimo cha mita moja yanasukuma juu tani moja kwa kila mita mraba ya sakafu. Slabu ya inchi 6 ina uzito wa kama theluthi ya tani kwa mita mraba hiyohiyo. Kwa hivo maji yakipanda mita moja juu ya slabu yako nyembamba, slabu haikai, inanyanyuka ama inapasuka katikati, na hapo hakuna dawa wala rangi. Lazima iwe nene, ifungwe na kuta kwa vyuma, na uzito wa nyumba uikalie. Ndo maana ile karatasi ya kontrakta ilikunywesha maji, inawezekana hakuibii, ameweka hesabu ya shimo lenye maji.

Ukuta nao. Ukuta wa mita 3 uliofukiwa mpaka juu na maji nyuma yake yamejaa unasukumwa na karibu tani 6 kwa kila mita ya urefu. Ukuta wa futi 6 wenye udongo mkavu uliotolewa maji vizuri, ni kama tani moja tu. Angalia hiyo tofauti, kimo hakijapungua hata nusu lakini mzigo umekuwa moja juu ya sita. Kwa hivo kabla hujabishana mawe ama konkriti, punguza kimo cha udongo na uondoe maji, hapo ndo pesa ilipo.

Kuhusu fundi wako, mistari miwili ya mawe na konkriti katikati bila vyuma vya kusimama vilivyoshikana na slabu ni ukuta wa uzito, si ukuta wa kuzuia. Pila kila futi kumi haisaidii ule ukuta ulio baina ya pila na pila. Udongo hausomi pila.

Mzee kasema jiwe lasimama lenyewe, ni kweli kisiwani na sehemu nyingi za ukanda wa tumbawe, lakini usitegemee bila kuona, kuna mifuko ya mchanga katikati ya tumbawe, na mtu akiwa ndani ya shimo upande ukiporomoka hapati nafasi ya kupiga kelele. Sisi huku Miritini na Changamwe hatuna hata hilo tumbawe, ni udongo wa mfinyanzi unaovimba masika na kupasuka kiangazi, huko basimenti ni vita vya aina nyengine kabisa.

Na jenereta, Saida amesema la mafuriko, mimi naongeza la moshi. Moshi wa jenereta hauonekani wote, ile gesi ya kaboni monoksaidi haina harufu wala rangi, ukiifungia chini ya nyumba inapanda vyumbani watu wamelala. Jenereta haikai basimenti ya nyumba ya mtu. Mwambie baharia, kwenye meli chumba cha injini kina feni kubwa kuliko jiko lake.

Fanya lile shimo la mzee. Halafu rudi hapa na tofauti ya kimo.

Mzee_Chokaa

Injinia "udongo hausomi pila" nimeipenda, lakini usidharau mawe. Birika za zamani za Waswahili, yale matangi ya maji, zilijengwa kwa mawe na chokaa na zikashika maji miaka.

Injinia_wa_Miritini

Sidharau mzee wangu. Birika maji yako ndani, yanaisukuma plasta kwenye jiwe, kila yakisukuma plasta inazidi kushika. Basimenti maji yako nje, yanaisukuma plasta itoke. Ndo maana dawa ya kuzuia maji hupakwa upande wa nje kabla ya kufukia, na ukisahau kipande huna tena pa kukipakia.

Mzee_Chokaa

Hapo umenishinda. 1994 nilipaka ndani.

MkeWaBaharia

Nimerudi, wiki tatu zimepita, nawaambia mambo.

Nimechimbisha shimo upande wa nyuma kabisa, vijana wawili, siku nne, futi tatu za juu mchanga mwekundu na baada ya hapo jiwe tupu, mtaimbo ukigonga unalia kama kengele. Wamefika futi 11 nikawasimamisha. Nikachukua ufito mrefu nikaupiga alama kila inchi tatu, rangi sikuwa nayo nikatumia piko iliyobaki ya harusi ya mpwa wangu, watu wakipita wanacheka mwanamke kaupaka ufito piko kama bi harusi.

Maji mafu, kutoka juu ya ardhi mpaka maji ni futi 10 na nusu. Bamvua, tarehe 15 nilikaa pale toka alasiri mpaka karibu magharibi, saa kumi bado, saa kumi na moja yameanza kupanda, saa kumi na moja na nusu alama ya futi 9 na nusu imelowa na haikupanda tena. Tarehe 16 vilevile. Nimeyaonja, ya magadi kidogo lakini si kama bahari. Jirani wa kisima nimemuuliza masika inakuwaje, asema kamba ya ndoo hupungua kama mikono miwili.

Kimo pia nimepima, fundi alinisaidia na ule mpira wa maji, barabarani mpaka nyuma ni futi 6 juu chini. Injinia nimemuuliza kila mmoja "futi 10 kutoka wapi" kama ulivosema. Fundi akasema "kutoka hapa" akaonyesha alipokuwa amesimama. Kontrakta akasema atarudi kwangu. Bado hajarudi.

Injinia_wa_Miritini

Dada wewe ulistahili uwe injinia, wallahi kuna maofisi yanalipwa pesa nyingi hawakai kwenye shimo mpaka magharibi.

Sasa hesabu ni rahisi. Maji ya juu kabisa kiangazi ni futi 9 na nusu chini ya ardhi ya nyuma. Toa mikono miwili ya masika, futi 3, inabaki 6 na nusu. Kontrakta akichimba futi 10 kutoka nyuma yuko ndani ya maji futi tatu na nusu masika, karibu mita moja, umeona ile slabu inayoelea. Akichimba futi 10 kutoka barabarani, ni futi 4 chini ya ardhi ya nyuma, juu ya maji kwa futi 2 na nusu. Afadhali. Lakini bado maji ya mvua yatakayoshuka ukutani hayana pa kutokea isipokuwa pampu, na pampu ni stima, na stima Saida ameshatueleza.

Mimi ningefanya hivi. Sakafu ya chini iwe sawa na ardhi ya nyuma, au inchi sita juu yake. Yaani kwa barabarani umeshuka futi 6 tu, nyuma hujashuka kabisa, kuna mlango na madirisha. Nyumba ya juu inanyanyuka kama futi 4 kutoka barabarani, unapanda kwa ngazi na hapo mbele unapata baraza. Kimo cha ndani ni kilekile futi 10 ukitoa slabu, lakini udongo umezuiwa na ukuta mmoja tu wa futi 6, kuta za ubavuni zinapungua kadiri unavyoteremka, na wa nyuma hauzuii chochote.

Hapo ndo swali lako la kwanza linapojibika. Huna haja ya njia moja kwa nyumba nzima. Ukuta wa mbele na ubavuni pale palipofukiwa, konkriti ya kumwaga na vyuma, inchi 8 huenda zikatosha kwa futi 6 lakini yule atakaepiga hesabu na kusaini plani ndo mwenye neno la mwisho. Ukuta wa nyuma na sehemu zote za juu ya ardhi, mawe ya matumbawe ya fundi wako, ni mazuri, yanapumua, na umepunguza bei bila kupunguza nguvu. Kila mtu amepata kazi, shemeji tu ndo amekosa.

Nyuma ya ukuta wa konkriti, upande wa udongo, paka lami ama weka ile membreni ya kuchoma, shuka la kuzuia maji, uilinde isikwaruzwe na mawe ya kufukia, halafu chini kabisa weka bomba lenye matundu limezungukwa na kokoto, literemke kwa mteremko wa ploti litokee nyuma kwenye hewa. Maji yanajiendea. Hakuna pampu, hakuna swichi. Msingefika hapo kama ploti ingekuwa tambarare.

Mambo ya saiti yanayovujisha konkriti nzuri, uyasimamie wewe mwenyewe. Kile kiungo cha slabu na ukuta, wamwage inchi 6 za ukuta pamoja na slabu siku hiyohiyo na watie ule ukanda wa mpira wa kuzuia maji, wasiache kiungo kwenye kona. Mbao za kumwagia wasizifunge kwa kupitisha bomba la plastiki ama kipande cha mbao ndani ya ukuta, mafundi wanapenda hivo na kila bomba ni tundu. Poka ya kutikisa konkriti iwepo saitini na ya akiba iwepo, ukuta usipotikiswa unatoka na vijitundu kama mzinga wa nyuki. Maji ya kuchanganyia, mfuko wa kilo 50 lita 25 basi, ukiona konkriti inateleza kama uji wameongeza. Na maji yawe matamu dada, si ya hicho kisima, wala mchanga usitoke ufuoni, chumvi inakula vyuma kutoka ndani, baada ya miaka michache vyuma vinavimba na konkriti inabambuka. Vyuma viwe ndani ya konkriti inchi 2 kutoka nje. Mwagilia ukuta wiki nzima, funika na magunia.

Kontrakta awe na usajili wa NCA, ile mamlaka ya taifa ya ujenzi, na plani zipite kaunti. Ukuta wa futi 6 karibu na mpaka wa jirani ukiporomoka hakuna atakaeskia kuwa uliokoa pesa.

Abuu_Ohio

Hii ndo huku twaita basimenti ya kutokea nje, na ndo ghali kuuza kuliko zote, manake ina mwangaza. Watu wengi hapa wangelipa wawe na mteremko kama huo.

Saida_wa_Tudor

Na kulala je? Jasho la ukuta mmelisahau nyinyi wanaume.

Injinia_wa_Miritini

Hatujasahau dada. Lile jasho pengine halikuwa linavuja kabisa, ni hewa ya pwani yenye unyevu inaingia mahali pa baridi, inagusa ukuta inageuka maji, kama chupa ya soda ukiitoa kwa friji. Basimenti iliyofungwa pande zote hapa itatoa jasho hata ikiwa haivuji tone. Ya kutokea nje ina madirisha nyuma, na akiacha matundu juu ya ukuta wa mbele pale baraza iliponyanyuka, upepo unapita toka upande hadi upande. Chumba cha kujinyoosha kiwe nyuma. Tangi na stoo ziende mbele kwenye giza. Nafaka isiegemezwe ukutani, Mzee Chokaa anajua.

MkeWaBaharia

Allah awalipe kheri nyote. Nimeongea na mume jana simu ikikatika katika. Jenereta amekubali ikae nje kwenye kibanda, hilo la feni ya meli ndo lililompata. Foam shemeji kanuna, atapoa. Fundi wangu nimemwambia atajenga ukuta wa nyuma na juu kote, amefurahi, akasema hata yeye ule wa chini ulikuwa wamtia wasiwasi. Sasa mbona hakusema?

Kontrakta wa kwanza simtaki tena. Natafuta mwengine atakaekuja na tepu. Mzee nikuulize moja tu, tuchimbe lini? Mume asema tumngoje mwezi wa nane arudi.

Mzee_Chokaa

Mwezi wa nane arudi afanye makaratasi na kaunti, hayo yenyewe yatakula miezi. Vuli iwapite. Kushika sururu ni Januari kaskazi ikitulia, mpaka Machi ukuta umesimama umepakwa lami na umefukiwa, bomba lishatoka nyuma. Masika ikukute umemaliza chini. Ukichelewa ukafika Aprili na shimo wazi, usimwage kitu, ngoja.

Na lile shimo la nyuma lifunike kwa mbao nzito leo hii, watoto wa mtaa hawajui bamvua wala maji mafu. Ufito uache ndani, mwezi wa tano uangalie tena hiyo mikono miwili ya jirani kama ni miwili kweli.

Kijana_wa_Kongowea

kwa hivo mwisho wa yote ni baraza. si nilisema

MkeWaBaharia

Nimefunika. Mume kauliza hiyo baraza upana wake ni futi ngapi, kama kitanda cha kamba chaingia.